Shindano au onyesho la burudani: utazame lipi la vikosi vya ngoma na tarumbeta Marekani?

Mtu akikualika kwenda kutazama kikosi cha ngoma na tarumbeta Marekani, muulize kwanza: ni shindano au ni onyesho la burudani? Jibu lake litakwambia utakaa kwa muda gani, utaelewa kiasi gani, na kama mtoto wa miaka sita atafika mwisho akiwa macho. Watu wengi hurudi nyumbani wakisema "ilikuwa ndefu mno" au "iliisha kabla hatujaonja" kwa sababu walikata tiketi ya kitu kimoja huku moyoni wakingoja kingine.

Kwa ambaye hajawahi kuviona, vikosi hivi havifanani na bendi ya shule wala ya polisi. Filimbi, saksafoni na klarineti hazimo. Ni ala za shaba, yaani tarumbeta na jamii yake, ngoma, na marimba na vibrafoni (marimba za chuma) zinazopangwa mbele ya uwanja, pamoja na kundi la bendera ambalo hurusha juu bunduki za mbao na mapanga na kuyadaka bila kukosea hatua. Kikosi cha daraja la juu kinaweza kufika watu 165, wote vijana wasiozidi miaka 22. Hucheza huku wakitembea, wakati mwingine wakikimbia kinyumenyume, wakichora maumbo kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani. Msimu ni wa kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi wiki ya pili ya Agosti, na vijana hao huzunguka nchi kwa mabasi, wakilala kwenye kumbi za michezo za shule.

Mashindano yenyewe yako chini ya Drum Corps International, au DCI, chama kilichoanzishwa mwaka 1971. Fainali yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na kikosi cha Anaheim Kingsmen kikachukua ubingwa. Tangu mwaka 2009 nyumbani kwa fainali ni Lucas Oil Stadium, Indianapolis. Hayo ni mashindano. Pembeni yake kuna maonyesho yasiyo na alama wala majaji: wakongwe waliorudi kuvaa sare, wanajeshi wa majini, mabingwa wanaopiga wimbo mmoja zaidi kabla watu hawajaondoka. Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Tuanze na shindano. Kila kikosi kina dakika 10 hadi 12 za kucheza. Ukiongeza kuingia, kupanga marimba na kutoka, hesabu kama robo saa kwa kikosi. Usiku wa kawaida wa ziara huwa na vikosi saba au vinane, na mapumziko katikati, kwa hiyo utakaa saa mbili na nusu hadi tatu. Huanza wale wa chini, humaliza wale wa juu. Ukichelewa kwa saa nzima bado utawaona walio bora, na ukiwa na watoto hiyo ni habari njema kuliko watu wanavyodhani. Siku ya mchujo wa awali wa ubingwa, Alhamisi, vikosi vya kila daraja hupita tangu asubuhi hadi usiku. Hiyo waachie wapenzi wa kufa. Fainali ya Jumamosi ina vikosi 12 tu.

Dakika 12 zinasikika chache. Kwa anayetazama mara ya kwanza si chache hata kidogo, kwa sababu kila sekunde imepakiwa. Alama ni 100: 40 za athari ya jumla kwa mtazamaji, 30 za muziki, 30 za kile kinachoonekana kwa macho. Msanii anayepanga shoo anajua kwamba jaji anayetazama mwendo atataka kuona kitu kigumu wakati huohuo jaji wa muziki anasikia kitu kigumu. Matokeo yake nyimbo hukatwakatwa. Utasikia mistari miwili ya wimbo unaoujua, unajiandaa kuimba, na tayari wamehamia mahali pengine. Mpango wa namna hiyo humfurahisha anayeujua mchezo, ila humwacha mgeni akipiga makofi kwa kuchelewa, akiangalia jirani yake ameinuka kwa nini.

Mwaka 1993 ulionyesha jambo hilo kwa uwazi wote. Star of Indiana, kikosi kutoka Bloomington kilichokuwa bingwa mwaka 1991, kilileta shoo ya muziki mkali wa kisasa, wenye giza, usio na wimbo wa kuimba njiani kurudi nyumbani. Sehemu ya watazamaji waliikataa waziwazi. Kilishika nafasi ya pili kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya alama nyuma ya kikosi cha Cadets, na leo wapenzi wengi wanaitaja shoo ile kuwa miongoni mwa kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia uwanjani. Mimi nakubaliana nao. Lakini nisingempeleka mjomba aliyekuja kutembea wiki mbili akaanzie hapo.

Isidhaniwe kwamba shindano haliwezi kuinua watu vitini. Mwaka 2008 Phantom Regiment ya Rockford, Illinois, ilisimulia kisa cha Spartacus, mtumwa aliyeasi Roma, na uwanja mzima ulielewa bila kuelezwa. Walishinda kwa alama 0.025 tu dhidi ya Blue Devils wa Concord, California. Hao Blue Devils, ambao mwaka 2014 walifikia 99.65, alama ya juu kabisa katika historia ya DCI, mara nyingi hushinda kwa usafi kiasi kwamba mtu huwaheshimu kabla ya kuwapenda. Bluecoats wa Canton, Ohio, mabingwa wa 2016 na 2024, ndio ningemtajia mgeni anayetaka shindano lakini anaogopa kuchoka. Wanajua kuweka pumzi katikati ya shoo, mahali ambapo wimbo unaachwa uishe.

Kama utakwenda kwenye shindano, tafuta jambo moja la kulitazama na uliache jingine lipite. Mimi huwaangalia wapigaji wa snea, ile ngoma yenye sauti kavu. Huwa wanane, tisa au kumi, wamejipanga bega kwa bega. Angalia ncha za vijiti vyao, usiangalie mikono. Katika kikosi kizuri ncha zote hupanda kimo kimoja na kushuka pamoja, na mdundo wa haraka unaotoka hapo unasikika kama mtu mmoja. Pale mmoja anapopandisha kijiti juu kidogo kuliko wenzake, utaona kabla ya kusikia. Ukilijua hilo, zile dakika 12 zinapata mahali pa kushika.

Sasa upande wa pili. Onyesho fupi kuliko yote, na kwangu mimi tamu kuliko yote, ni nyongeza. Baada ya alama kusomwa kwenye usiku wa kawaida wa ziara, kikosi kimoja hurudi kupiga kipande kimoja au viwili. Hakuna kutembea. Shaba hujipanga nusu duara karibu kabisa na jukwaa la watazamaji, ngoma katikati, na kiongozi huinua mikono. Dakika tatu, nne, tano. Hakuna jaji wa kuridhisha, kwa hiyo nyimbo hupigwa nzima, polepole pale panapotakiwa polepole, na kwa nguvu ambayo utaihisi kifuani. Hapo ndipo unagundua jinsi vijana hawa wanavyopiga vizuri wakiwa hawakimbii. Watu wengi huwa wameshaanza kuelekea kwenye magari ili kukwepa foleni. Nawasihi wasiondoke. Ningeweza kukosa nusu ya kwanza ya usiku wote, lakini nyongeza siikosi.

Pamoja na hiyo kuna desturi za vikosi ambazo hazina alama yoyote. Madison Scouts wa Wisconsin wamekuwa wakiimba "You'll Never Walk Alone" kwa miongo mingi, kwa sauti za kupangwa, mikono ikiwa mabegani. Mswahili wa Nairobi au Dar es Salaam anaujua wimbo huo kupitia mashabiki wa Liverpool, na si rahisi kujizuia kuimba nao. Wakongwe wa kikosi waliokaa jukwaani husimama wakaimba pia. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyepanga, lakini muda wake ni sawasawa kabisa: ubeti, kiitikio, basi.

Kisha kuna vikosi vya wakongwe wenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo suala la urefu linapouma. Hawa ni watu wa miaka arobaini, hamsini, sabini, waliowahi kucheza ujanani, wanaokusanyika tena, wanafanya mazoezi miezi kadhaa mwishoni mwa juma, halafu wanaingia uwanjani kama wageni wa heshima. Mwaka 1994 wakongwe wa 27th Lancers wa Revere, Massachusetts, kikosi kilichokuwa kimeacha kushindana miaka ya 1980, waliingia kwenye fainali za DCI huko Foxboro, si mbali na kwao. Mwaka 2006 fainali zilipokuwa Madison, wakongwe wa Madison Scouts walifanya vivyo hivyo nyumbani kwao. Kwa miaka mingi pia, kwenye ubingwa wa vikosi vya watu wazima mwanzoni mwa Septemba, kulikuwa na siku nzima ya wakongwe, kikosi baada ya kikosi.

Faida yao ni kwamba wanapiga nyimbo. Shoo za miaka ya 1970 zilikuwa na wimbo wa kuingilia, mapokezi ya bendera ya taifa, kipande cha kusimama ambapo wapigaji waliacha kutembea wakageukia watu, onyesho la ngoma peke yake, na wimbo wa kuagia. Kila kimoja kilikuwa na mwanzo na mwisho, na mtazamaji alijua pa kupiga makofi. Wakongwe huleta mpangilio huo. Na walijua kuchekesha: Bridgemen wa Bayonne, New Jersey, waliingia wakiwa na makoti marefu ya njano na wakawa wanazimia kwa makusudi uwanjani, safu nzima ikianguka chali, Velvet Knights wa Anaheim walileta vichekesho na viatu vyekundu. Mtoto hahitaji maelezo kwa mambo hayo.

Hasara yao ni kwamba hawana saa. Shindano lina kikomo. Wakongwe hawana, na mtu aliyengoja miaka ishirini kupiga tena hataki kuacha wimbo wowote nje. Wimbo wa 1974 lazima, wa 1981 lazima, na ule ambao marehemu mwalimu wao aliupenda lazima. Anayetazama akiwa alikuwepo mwaka ule analia kwa furaha dakika zote ishirini na tano. Mkewe aliyekaa pembeni ameshaangalia simu. Nawapenda wakongwe kwa moyo wote, na ndiyo sababu nasema hivi: onyesho la wakongwe lenye dakika 12 hadi 15, wimbo mmoja mkubwa wa kufungua, mmoja wa taratibu, ngoma, na mmoja wa kufungia, humpa kila mtu haki yake. Likipita dakika 20 linakuwa sherehe ya familia ambayo mgeni amealikwa kwa adabu. Kabla ya kuamua, angalia ratiba: kama wakongwe wamewekwa katikati ya shindano watabanwa na muda, na hilo ni jema kwako. Kama usiku mzima ni wao, nenda ukiwa na mtu anayewajua, akusimulie.

Kuna onyesho la tatu ambalo watu hawalitaji vya kutosha kwa sababu halina tiketi ya kuuza. Kikosi cha ngoma na tarumbeta cha Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani (Marines), kiitwacho "The Commandant's Own", kilichoanzishwa mwaka 1934, kina makao yake katika kambi ya Marine Barracks jijini Washington. Hawa ni askari, koti jekundu, suruali nyeupe, na hadi leo wanatumia tarumbeta za zamani za ufunguo wa G, ambazo vikosi vya DCI vilianza kuziacha pale sheria ya mwaka 2000 iliporuhusu shaba za ufunguo wowote. Sauti yake ni tofauti, ina makali zaidi juu, na ukizisikia siku moja na za kisasa siku inayofuata utajua tofauti bila kuwa mwanamuziki.

Wakati wa kiangazi wao hushiriki gwaride mbili za hadharani. Ya Ijumaa usiku ni ndani ya kambi yao, inachukua kama saa moja na robo, na inataka kuomba nafasi mapema. Ya Jumanne jioni ni kwenye mnara wa ukumbusho wa Wanamaji hao kule Arlington, ng'ambo ya mto, na ni kama saa moja. Zote bure. Kikosi cha ngoma na tarumbeta hakichezi saa yote. Kinagawana na kikosi cha gwaride la kimya, askari 24 wenye bunduki za singe wanaozizungusha na kurushiana bila amri hata moja ya mdomo. Mgawanyo huo ndio siri ya kutochoka. Unapata muziki, halafu kimya kizito ambacho unasikia viatu tu, halafu muziki tena. Mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzo wa machipuko hutoka kwa ziara, na Yuma, Arizona, huwa mojawapo ya vituo vyao vya kawaida.

Nikiweka saa moja ya Arlington kando ya saa tatu za DCI, kwa mgeni wa kweli nachagua Arlington. Kwa kijana anayepiga tarumbeta kanisani au shuleni nachagua DCI bila kufikiri mara mbili, kwa sababu atawaona watu wa umri wake wakifanya mambo ambayo hakujua yanawezekana. Kwa mzee anayependa gwaride na nyimbo za kueleweka, Arlington tena, au wakongwe kama wamewekewa muda. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, vikosi viwili vya mwisho vya shindano na nyongeza, halafu nyumbani. Mpeleke nusu ya pili tu. Kwa aliyezoea matarumbeta ya harusi yanayofuata magari mtaa kwa mtaa, watu wakicheza nyuma yake, shindano litaonekana la kukaa kimya kupita kiasi, lakini nyongeza itamfikisha nyumbani.

Je, muziki huu unaweza kuvumilia saa mbili? Umewahi. Star of Indiana baada ya 1993 waliacha mashindano, na kutokana nao ikazaliwa "Blast!", shoo ya ukumbini iliyofunguliwa London mwaka 1999 na kufika Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, mwaka 2001, ikapata tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, ya tukio maalumu la jukwaani. Ilianza na mpigaji mmoja wa snea chini ya taa moja, na ikajengeka kutoka hapo. Iliweza kubeba urefu huo kwa sababu ilibadilisha kitu kila baada ya dakika chache: mara wapigaji wawili wa ngoma wanashindana, mara mmoja yuko peke yake, mara wote. Uwanja wa mpira hauna taa za namna hiyo wala pazia, na wapangaji wa maonyesho marefu ya uwanjani huwa wanalisahau hilo.

Na upande wa ufupi, Top Secret Drum Corps wa Basel, Uswisi, ndio mfano ninaowapa watu wote. Kilianzishwa mwaka 1991, wapigaji wake wana kazi zao za mchana, si wanajeshi. Mwaka 2003 walialikwa kwenye maonyesho ya kijeshi ya Edinburgh, Uskoti, mbele ya ngome, ambako kila usiku hukaa watu kama 8,000. Walipewa dakika chache tu kati ya bendi nyingine, wakapigiana ngoma za wenzao, wakapigana kwa vijiti kama panga bila kuacha mdundo, wakaondoka. Wamealikwa tena mara kadhaa. Kama uko Ulaya na si Marekani, usijisumbue na ndege. Edinburgh mwezi Agosti, au Basel yenyewe mwezi Julai, itakupa vionjo vingi vifupi katika jioni moja.

Mambo ya kukata tiketi. Kwenye shindano, viti vya juu katikati ndivyo vinavyoonyesha maumbo, na ndivyo ghali. Ukikaa chini utaona nyuso na hutaona umbo hata moja. Kwa nyongeza ni kinyume, chini ndiko kwenyewe, na mara nyingi ni nafuu. Kama mnakwenda wengi na mnataka vyote viwili, kaeni juu hadi alama zisomwe, kisha teremkeni haraka. Aliye mbali na miji ya ziara anaweza kutazama siku ya mchujo wa awali wa ubingwa katika kumbi za sinema nyingi za Marekani, moja kwa moja, na kutoka akichoka bila kumkanyaga mtu miguu. Mchukulie mtoto mchanga vizibo vya masikio, hasa mkikaa safu za mbele. Shaba sabini zikigeuka upande wako kwa wakati mmoja hazina huruma.